Umetoa upepo mara nne na breki bado laini? Angalia nipo ya kutolea upepo imekaa wapi

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Fundi habari. Nina Toyota IST ya 2004, tairi la mbele kushoto lilikuwa linashika, nikitoka Mbezi hadi mjini rimu inakuwa ya moto huwezi kugusa. Nikanunua ripea kiti Kariakoo, Jumapili nikafungua kalipa zote mbili za mbele, nikazipeleka barazani nikazisafisha, nikaweka sili mpya, nikarudisha. Tangu hapo nimetoa upepo mara nne, wife ndo anakanyaga, mimi nimelala chini kabisa maana nipo yenyewe iko chini huko hadi kuipata ni kazi. Chupa mbili za mafuta ya breki zimeisha na pedeli bado laini, inazama. Jirani yangu fundi kaja kakanyaga mara moja kasema masta imekufa. Ninunue masta?"

Kaka, usinunue masta, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga. Rudi usome ulichoandika mwenyewe, "nipo yenyewe iko chini", hapo ndo jibu lako lilipo.

Nipo ya kutolea upepo, ile skrubu ndogo yenye tundu kwenye kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski), haikai chini. Inakaa juu, juu kuliko pale mpira unapoleta mafuta, na kwenye IST ukishatoa tairi unaiona hapo hapo bila kulala chini ya kitu chochote. Kama yako inachungulia ardhi basi kalipa ya kushoto umeifunga kulia na ya kulia umeifunga kushoto. Ulizibeba zote mbili barazani, ukazifungua pamoja, nahisi ukaziosha kwenye beseni moja, na zikishakauka zinafanana kama mapacha. Ubaya wa kalipa ni kwamba inakubali, bolti zinaingia, pedi zinakaa, mpira unafika labda unajipinda kidogo tu ukadhani ni uzee wake, tairi linazunguka, hakuna kitu kitakachokuambia umekosea mpaka ukanyage breki.

Kwa nini sasa nipo ikiwa chini upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, hautoki hata utoe mwezi mzima? Umeshaona ile pima maji ya mafundi ujenzi, ile yenye kipovu ndani ya kioo? Igeuze unavyotaka, kipovu kinakimbilia juu. Nyuma ya pistoni ya kalipa kuna chumba kidogo cha mafuta, na upepo uliobaki humo unajikusanya kwenye paa la hicho chumba. Wewe umefungua mlango sakafuni, mafuta masafi yanaingia, yanapita chini chini na kutoka kwenye nipo bila hata povu moja, unafurahi unafunga, kumbe upepo wote uko juu umetulia. Ndo maana chupa mbili zimeisha. Mafuta hayabonyei ila hewa inabonyea, kwa hiyo wife akikanyaga nguvu yake inaishia kuubonyeza huo upepo badala ya kusukuma pistoni.

Usijione mjinga, hii kitu na mimi nimeifanya. Mwaka wangu wa kwanza gereji nilifunga hivi hivi kwenye Corolla ya mteja, nikatoa upepo kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, mwenzangu ndani ya gari mguu umechoka. Mzee mwenye gereji akaja, hakushika hata spana, akachungulia mara moja akaniuliza, "Kwenu moshi jikoni unatokea mlangoni au juu?" Akaondoka zake. Ilinichukua kama dakika tano kuelewa alichosema na dakika arobaini kurekebisha.

Sasa turudi kwenye masta, maana huyo jirani sio kwamba anatunga, masta zinakufa kweli, ila huwezi kujua kwa kukanyaga mara moja. Pedeli ina lugha yake. Ikiwa laini kama unakanyaga mkate wa boflo, halafu ukipampu haraka haraka inapanda na kuwa ngumu kidogo, huo ni upepo. Ikiwa ngumu vizuri lakini inaanzia chini sana, na ukikanyaga mara ya pili inapanda, hapo mara nyingi breki za nyuma zimelegea, zile shuu, vipande vinavyosugua dramu kwa ndani, ziko mbali nayo, utatoa upepo mpaka uzeeke hautaona tofauti. Ya masta ni hii: unakanyaga, inasimama vizuri, unaishikilia hapo hapo kwa nguvu ile ile kama nusu dakika, unaona mguu unashuka taratibu peke yake kama lifti, na ukikagua matairi yote manne hakuna sehemu iliyolowa. Hapo ndo mafuta yanapita kwenye sili za ndani ya masta na hapo utoe hela yako. Wewe hujasema habari ya kushuka taratibu, umesema laini. Basi.

Kama bado una wasiwasi kuna namna ya kumbana mwizi. Tafuta klempu ya kubania mipira ya breki, ile yenye midomo ya mviringo (usitumie plaizi, utaukata mpira kwa ndani), bana mpira wa mbele kushoto, kanyaga. Halafu bana na wa kulia, kanyaga tena. Pedeli ikiwa ngumu ukishabana zote mbili, upepo uko kwenye kalipa na masta haina kosa. Ni dakika kumi na inaokoa hela ya masta.

Ila kuna jambo moja linanitia hofu kwenye stori yako. Huyo anayekusaidia anakanyaga mpaka mwisho kabisa, si ndio? Gari ya 2004, pistoni ya masta miaka yote hiyo imekuwa ikitembea kipande kifupi tu cha silinda, pale mbele ambako haifiki panaweza kuwa na kutu na uchafu, sasa mkikanyaga mpaka sakafuni mnazipeleka sili laini zikasuguane na huo uchafu. Ndo namna watu wanavyoua masta nzima wakati wanatoa upepo, halafu wanasema "nilijua tu ni masta". Weka kipande cha mbao chini ya pedeli, mguu uishie hapo.

Haya, kazi yenyewe. Kwa kuwa kalipa lazima zitoke tena, tumia nafasi hiyo kukagua ulichofanya Jumapili, maana kuna vitu hujaniambia na ndo vinavyonipa mashaka zaidi.

Kwanza ulisafishia nini? Nikisikia mtu kasafisha kalipa barazani najua kuna kikopo cha petroli mahali. Sili za breki ni raba ya aina yake, inapatana na mafuta ya breki lakini petroli, dizeli, oili ya injini na grisi ya kawaida vinaivimbisha. Hautaona leo. Utaona baada ya wiki mbili tatu, sili imenenepa, pistoni inakwama, tairi linashika upya na rimu inachemka kama mwanzo, halafu unalaumu ripea kiti kuwa feki. Chuma chenyewe unaweza kukiosha kwa dawa ya kusafishia breki au spiriti, ukikaushe kabisa, na sili unaipaka mafuta masafi ya breki au ile grisi maalumu ya raba inayokuja kwenye pakiti ndogo. Kama ulitumia petroli na kuna mahali iligusana na sili, nunua sili nyingine, ni bei ya chakula cha mchana tu, usijadiliane na breki.

Pili, ile sili kubwa ya ndani uliiangalia vizuri? Sio ya mviringo kama oringi ya bomba, ukiikata ina pembe, ya mraba mraba. Watu wanadhani kazi yake ni kuzuia mafuta tu. Ukikanyaga breki pistoni inatoka, sili imeing'ang'ania kwa hiyo inapinda nayo kidogo, ukiachia mguu inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma, kitu cha upana wa unywele. Hakuna springi yoyote inayofanya kazi hiyo kwenye kalipa yako, ni hiyo raba peke yake. Ndo maana mfereji inapokaa lazima uwe safi kabisa. Kutu ikijaa kwenye mfereji, sili inabanwa, haipindi, haivuti, pedi zinabaki zimelala kwenye diski. Huo mfereji unaukwangua na kitu laini, mimi natumia kijiti cha mshikaki kilichochongwa na kitambaa, sio bisibisi, mkwaruzo mmoja wa bisibisi unakuwa njia ya mafuta kuvuja.

Pistoni ipitishe ukucha mzunguko mzima. Ukucha ukikwama kwenye shimo la kutu pale sili inapotembea, hiyo pistoni haisafishiki, usiipige msasa, ile ngozi inayong'aa ikishatoka kutu inarudi kwa kasi zaidi. Badilisha. Doa la juu tu ambalo ukucha hausikii halina neno.

Tatu, na hapa nakuomba uwe mkweli, pini za kutelezea ulizigusa? Kalipa ya IST ina pistoni moja upande wa ndani, ikisukuma pedi ya ndani, kalipa nzima inatakiwa iteleze kwenye pini mbili ili ivute na pedi ya nje. Pini ikikauka kalipa haitelezi. Kati ya gari kumi zinazoletwa kwangu kwa "tairi linashika", nyingi tatizo ni pini na wala sio pistoni, mtu anabadili sili wee kumbe pini moja imeota kutu ndani ya raba yake. Dalili yake ukiangalia pedi ulizotoa, ya ndani imeisha na ya nje bado nene, au pedi imeliwa upande mmoja kama kabari. Chomoa pini, futa grisi ya zamani yote, sukutua tundu lake, paka grisi ya silikoni kiasi, isijae mpaka hewa ikose pa kwenda, irudishe na uijaribu kwa vidole, inatakiwa iende na kurudi bila kubishana. Kariakoo ukiomba grisi ya pini za breki wanakupa, ukipewa ile nyekundu ya kopo ya fani za matairi mrudishie.

Kubadilisha zenyewe sio kazi kubwa. Gari sehemu tambarare, hendibreki, zuio kwenye matairi ya nyuma, na ikishapanda na jeki ikae kwenye stendi, sio matofali, tofali la mchanga linapasuka bila kukuaga. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa, lilowanishe ulifute. Kabla hujafungua kitu zungushia utepe kalipa moja tu, ile ambayo sasa hivi iko kushoto, halafu ujue hiyo inaenda kulia. Usiandike K, kushoto ni K na kulia ni K, nimeshaona mtu kafanya hivyo. Ile bolti ya mpira ina washa mbili za shaba, moja juu moja chini, hizo zinabadilishwa kila ukifungua, kwa hiyo nunua nne. Washa iliyoshabonyea ukiirudia inalia machozi ya mafuta polepole, na machozi hayo yakigusa rangi ya gari inatoka kama gamba la samaki, yakimwagika mwaga maji mengi hapo hapo usifute kikavu. Kalipa isining'inie kwa mpira wake, ifunge na waya kwenye springi. Mdomo wa mpira ukiwa wazi uzibe ili kikopo cha mafuta kilicho juu ya masta kisikauke, kikikauka unaanza kuvuta upepo kutoka huko masta na kama gari yako ina ABS, ile inayozuia matairi yasikwame ukipiga breki, utaingiza mpaka kwenye moduli yake yenye pampu, hapo ndo unaweza kujikuta unahitaji mtu mwenye mashine ya kuiamrisha pampu izunguke.

Ukishafunga simama utazame, nipo juu, mpira haujajikunja. Geuza usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, mpira usiguse tairi wala rimu. Kuna fundi atakuambia usijisumbue kubadilisha, ning'oe kalipa tu nigeuze nipo iangalie juu, niweke kibao katikati ya pedi, nitoe upepo, nirudishe. Ni kweli upepo utatoka. Lakini mpira utabaki umepindwa vile vile, na siku nyingine mtu akifungua breki atakutana na msiba huu huu wako.

Kutoa upepo sasa. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa kupimia levo, saizi ndogo unaobana kwenye nipo, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta masafi kidogo ya breki. Spana ya ringi ya 8 au 10 kutegemea nipo uliyonayo, ipite kwanza kisha ndo uchomeke mpira. Anza na tairi lililo mbali na masta, na kwa sisi tunaoendesha usukani kulia masta iko kulia, kwa hiyo nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Mkubaliane maneno na atakayekukanyagia, hii ndo inawagombanisha watu. Mimi natumia mawili tu. Nikisema "kanyaga" anakanyaga polepole na kubaki amekanyaga, anaitikia "nimekanyaga", nafungua nipo robo mzunguko, pedeli inashuka mpaka kwenye kibao, nafunga, ndo nasema "achia". Akiachia kabla sijafunga inavuta hewa tunarudi mwanzo. Na asipampu kwa fujo, ukipampu kwa haraka unavunja povu moja kubwa linakuwa povu hamsini ndogo kama soda iliyotikiswa, hizo hazitoki kirahisi. Kila mikanyago mitano angalia kikopo cha juu uongeze.

Kama wife kashachoka na wewe, na nina hakika kachoka, iache ijitoe yenyewe. Kikopo kijae, fungua nipo moja, subiri idondoke tone tone, ongeza juu, dakika kumi au kumi na tano, funga, hamia nyingine. Huku unagonga kalipa kidogo kidogo na mpini wa nyundo wa plastiki, povu zilizonata kwenye kuta zinapanda. Nipo ukiifunga haihitaji ubabe, ni kitobo tu hicho, ukiikata ndani ya kalipa hilo ni somo lingine.

Mafuta nunua chupa iliyofungwa. Umesema mbili zimeisha sijui ulizinunua wapi, ila kuna maduka yanapima kwenye chupa za maji, hayo usiguse hata kwa bure. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na pwani yetu hii unyevu wenyewe unaujua. Aina inayoitwa DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanywa maji kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke ni sawa na upepo, pedeli inazama ghafla, na hilo halikutokei ukiwa Mwenge, linakutokea unashuka mlima Kitonga na mzigo na umekanyagia breki njia nzima. IST inakubali 3 au 4, nikichagua nakuwekea 4. Ile DOT 5 yenyewe ya silikoni usiweke, haichanganyiki na hizi. Chupa iliyobaki nusu isikae kabatini miezi sita ukaja kuitumia, na mafuta yote kwenye mfumo yabadilishe kila miaka miwili hivi.

Ukimaliza pedeli ikawa ngumu lakini bado inaanzia chini, nenda nyuma. Achia hendibreki, vua dramu, kuna kigurudumu chenye meno kati ya zile shuu, kizungushe mpaka dramu ikirudi iwe inasugua kwa mbaaali, basi.

Kabla hujawasha gari kanyaga mara kadhaa pistoni zifuate pedi, usije ukarudi rivasi ukakuta hakuna kitu, ukuta wa jirani uko pale. Halafu zima injini, pampu mara nne tano, shikilia, washa, pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu busta, ile inayouongezea mguu nguvu, iko sawa. Nati za tairi kwa Toyota hizi ni 103 Nm kama una spana ya kupimia, kama huna kaza kwa nguvu ya mkono bila kurukia. Kisha toka barabara tulivu, mwendo wa 20 kwanza.

Halafu kuna kile kilichokupeleka barazani siku ile. Endesha kama kilomita kumi bila kupiga breki kali, simama polepole, sogeza kiganja karibu na rimu ya kushoto, kisha ya kulia, bila kugusa. Zikifanana joto, umemaliza. Ya kushoto ikiwa bado inachemka na pini zinateleza na pistoni inarudi, ipandishe tena gari, tairi likiwa limeshika fungua nipo yake. Mafuta yakiruka na tairi likaachia, mshukiwa ni ule mpira wenyewe. Kwa nje unaweza kuwa mzima kabisa, kwa ndani umevimba au ngozi imebanduka, mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu lakini hayapati njia ya kurudi. Kabla hujauhukumu lakini, siku nyingine likishika legeza nati za kufungia masta kwenye busta, tairi likiachia hapo basi kinachobana kiko juu huko na sio mpira. Ikiwa ni mpira, nunua miwili, kushoto na kulia, na safari hii fungua upande mmoja, umalize, ndo uhamie wa pili.